Kabla ya kumwaga chokaa shambani, kamulia ndimu

Chokaa kwetu Zanzibar si kitu cha kutafuta mbali. Mawe ya matumbawe yanachomwa Unguja na Pemba, na mkulima akisikia kwamba udongo una tindikali, hununua mapolo akamwaga ili kuipunguza. Kwenye shamba la maweni, yaani penye mawe ya matumbawe, kufanya hivyo ni kuudhuru udongo kwa pesa yako mwenyewe.

Chukua kijiko cha udongo mkavu usio na vipande vya makombe, uweke kwenye kisahani cha kauri, kisha kamulia ndimu. Usitumie kopo la bati: tindikali hula zinki na kutoa viputo vya haidrojeni, ukadhani ni udongo. Ukiona povu kwenye kisahani, udongo una kalisiamu kaboneti, ile ile iliyojenga matumbawe. Tindikali inaivunja, na hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka. Makunduchi, Jambiani na Micheweni, kwenye maweni, utaliona sana povu hilo. Hapo usitie chokaa kabisa. Itazidi kuyafunga madini ya chuma na zinki, majani machanga yageuke njano na mishipa ibaki kijani. Tia samadi na mboji.

Povu lisipotoka, bado hujapata ruhusa ya chokaa. Umejua tu kwamba kaboneti ni kidogo au haipo. Kwenye vilima vya mikarafuu Pemba mvua huosha na kuondoa kalisiamu, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ikitumika miaka mingi huongeza uchachu, lakini kiasi chake hujulikana kwa kupima pH, kipimo cha uchachu ambacho kikishuka, uchachu umezidi. Peleka sampuli Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Kizimbani, au muone bwana shamba au bibi shamba wako. Mahindi na mboga nyingi hupenda pH ya 6 hadi 7. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Muhogo na nanasi huvumilia zaidi, kwa hiyo tusikimbilie kuvitilia.

Ukishaambiwa utie, uliza ni chokaa gani. Unga wa mawe yaliyosagwa hutoa povu kwa ndimu; chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, ikiwa bado mpya, karibu haitoi, nayo ndiyo kali zaidi: kilo 74 zake safi hufanya kazi ya kilo 100 za unga safi wa mawe. Usikisie kiasi. Vaa glavu na miwani, maana huchoma macho. Na tafadhali usiichanganye na SA, yurea wala samadi mbichi; ile harufu kali ya amonia ni naitrojeni yako inayopotea hewani. Itangulize, uichanganye na udongo, kisha upe wiki kadhaa kabla ya kutia mbolea.