Kitambaa cha kuchujia jeli: tumia ulicho nacho, ila ujue kilikotoka

Msimu wa mapera ukifika Muheza na Lushoto, mapera mengi huishia chini ya mti, chakula cha nzi na kuku. Vikundi vya akina mama vinavyotaka kuyageuza jeli hukwama mapema sana, tena kwenye jambo dogo: maelekezo yanasema "chuja kwa kitambaa maalumu", na kitambaa hicho hakipo dukani kijijini. Nasema wazi kwamba hakuna haja ya kukisubiri. Nyumba nyingi zina kitu cha kufanya kazi hiyo vizuri. Cha kuangalia ni kitambaa hicho kimepita wapi kabla ya kufika jikoni.

Jamu inabeba nyama ya tunda, hivyo haina shida kubwa ya kuchuja. Jeli ni maji ya tunda tu, yakigandishwa na pektini (kigandishi cha asili kilichomo ndani ya tunda), asidi na sukari, na mnunuzi anaitaka ing'ae hadi aone mwanga ng'ambo ya chupa. Chujio la chai linazuia mbegu lakini linapitisha unga wa nyama ya pera, na huo ndio unaoleta ukungu, yaani jeli isiyong'aa. Unahitaji kitu chenye matundu madogo zaidi, kinachostahimili maji ya moto na kisichotoa rangi wala harufu.

Chaguo langu la kwanza ni marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi. Tabaka moja linatosha. La pili, na huenda ndilo jepesi kupatikana, ni foronya nyeupe ya pamba, maana tayari imeshonwa mfuko. Ikiwa kitambaa ni kipya, kifue na kukichemsha kwanza, kwa sababu vitambaa vya dukani hutiwa kanji ili visimame, na kanji hiyo ikiingia kwenye juisi utahangaika kutafuta chanzo cha ukungu. Melimeli au shashi ya duka la dawa, ile isiyotiwa dawa yoyote, ni nyepesi mno, kwa hiyo ikunje mara tatu au nne. Nepi za kitambaa zinafaa zikiwa mpya kabisa. Taulo liache, linaacha manyoya.

Kanga kuukuu inafaa, lakini kwa masharti. Asidi ya tunda na joto hutoa rangi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Kata kipande cha pembeni, kiloweke kwenye kikombe cheupe chenye maji ya moto na ndimu, kisha kiache nusu saa. Maji yakibadilika rangi hata kidogo, kanga hiyo ibaki kuwa ya kujifunga. Isipotoa rangi, tumia tabaka mbili.

Wa pwani wataniuliza kuhusu kifumbu. Kifumbu cha ukindu kinakamua tui vizuri, lakini kwa jeli matundu yake ni makubwa. Kitumie kama hatua ya kwanza ya kutoa mbegu, na kiwe kipya. Kilichozoea nazi kina mafuta yaliyochacha ndani ya msuko, na harufu yake itahamia kwenye mapera.

Sasa chandarua. Nimeona vyandarua vikichujia juisi, pombe na hata maziwa, na hapa sina lugha laini: usifanye hivyo. Chandarua chenye dawa cha muda mrefu kimetengenezwa makusudi ili dawa ya kuua mbu ihimili kufuliwa mara 20 hivi. Kwa hiyo kusema "nimekifua sana" au "ni cha zamani" si kinga. Juisi ya moto yenye asidi ikipita humo, hujui inatoka na nini. Viroba vilivyobeba mbolea, mbegu zilizotiwa dawa au viuatilifu navyo ni hivyo hivyo, hata vikioshwa mara ngapi. Mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019 inaonekana kama kitambaa, lakini haikutengenezwa kwa chakula cha moto na mingi ina wino wa matangazo. Iache iende sokoni.

Ukishapata kitambaa, kichemshe dakika 10, kikamue, ukitumie kikiwa kibichi. Kitambaa kikavu kinakunywa juisi yako ya kwanza bure. Mapera yakate nusu moja moja uangalie funza, changanya yaliyoiva na machache yaliyo magumu kwa kuwa hayo yana pektini zaidi, mimina maji yafunike kidogo tu, kisha chemsha polepole hadi yalainike.

Pindua stuli miguu juu, funga pembe nne za kitambaa kwenye miguu minne, weka beseni katikati, mimina. Juisi ya mwanzo huwa na ukungu, hivyo irudishe juu ichujwe tena. Nyama iliyokwisha kutulia kwenye kitambaa itaizuia vizuri kuliko kitambaa chenyewe. Kisha ondoa mikono. Kukamua ndiko kunakoharibu jeli nyingi ninazoonyeshwa, kuliko aina yoyote ya kitambaa. Ikiwa ni ya kula nyumbani na huna haja ya mng'ao, kamua, ladha haipungui. Ya kuuza, subiri.

Lushoto kwenye baridi unaweza kutundika jioni ukaamka asubuhi. Muheza au Tanga mjini usilaze juisi nje, itachacha. Saa tatu au nne za kudondoka zinatosha, ipeleke jikoni. Beseni liwe la plastiki ya chakula, enameli au chuma cha pua, kwani sufuria ya alumini ikikaa na juisi kali inaliwa na asidi.

Kwa vikombe vinne vya juisi weka vitatu vya sukari na maji ya ndimu mbili. Jeli iko tayari ikipita joto la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 hadi 5: pwani ni kama 104 au 105, Lushoto, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ni karibu 100. Ukifuata namba ya pwani ukiwa milimani utapata gundi. Asiye na kipimajoto adondoshe kidogo kwenye sahani baridi, asukume kwa kidole, ikikunjamana, epua.

Kitambaa kioshe papo hapo kwa maji baridi kabla nyama haijakauka, kichemshe bila sabuni ya manukato, kianike juani. Doa la kahawia la mapera halina madhara. Kiandike alama kwa uzi pembeni ili mtu asije akakifutia meza.

Makapi yaliyobaki yasukume kwenye chujio la chai ili mbegu zibaki. Nyama hiyo, pamoja na sukari na ndimu, inatoa jamu nzuri. Mbegu wape kuku.