Uani kwa Mama, Tuta kwa Tuta

Nyumba ya mama ipo Chumbageni, Tanga mjini. Kwa miaka tisa ilikaliwa na wapangaji, na uani pakawa mahali pa kutupia kila kilichokosa pa kukaa: kifusi cha banda la kuku lililobomoka, mabati yaliyooza, chupa, nguo kuukuu, na makumbi ya nazi yamelundikana chini ya mnazi. Mama aliporudi kuishi pale mwenyewe aliomba jambo moja tu, achume mchicha wake bila kuvuka barabara kwenda gengeni.

Mwaka wa kwanza nilikosea, na kosa hilo ndilo limenifanya niandike. Niliita vijana wawili wakafyeka na kulima uani mzima, hatua kumi na nne kwa tisa, kwa siku moja. Palipendeza. Masika yaliposhuka mwezi wa tatu, ndago, yale magugu sugu, zikatoka kila mahali kama zilizopandwa kwa mstari, na kufika mwisho wa Aprili sikuona tuta wala mchicha. Mzee wa nyumba ya pili alipita akanikuta nimeinama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndago hailimwi hiyo. Ndago hufukuliwa."

Alichimba shina moja taratibu akanionyesha. Chini ya yale majani machache kuna mnyororo wa viazi vidogo vyeusi, kimoja kimeunganishwa na kingine kwa uzi mwembamba. Jembe likiukata mnyororo, kila kiazi kinachipua peke yake. Sisi tulikuwa tumezizidisha kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo shauri langu kubwa ni hili: usisafishe uani wote kwa mara moja. Fanya tuta moja, lishinde, ndipo uhamie la pili. Sehemu ambayo hujaifikia ifyeke chini kabisa, kisha ifunike kwa turubai zito lisilopenya mwanga, ulikandamize kwa mawe. Ndago haipendi kivuli. Haitakufa yote, lakini utakapoifikia itakuwa imedhoofika.

Kabla ya jembe, anza na takataka. Vaa viatu vigumu na glavu nene, maana uani ulioachwa una vioo, misumari na wakati mwingine sindano. Mimi nilitoa viroba kumi na moja. Plastiki usiichomee hapo hapo, na betri za tochi zitoe zote. Ukikuta mahali palipomwagwa oili ya gari au rangi, usipande chakula hapo; weka maua, au panda mboga kwenye viroba vya udongo uliotoka kwingine. Kaa mbali na karo la choo pia. Kwetu lipo pembe ya kushoto, na nimepaacha pawe pa kuanikia nguo.

Kisha tazama jua. Nilimwomba mama, ambaye hukaa mlango wa uani muda mwingi, aangalie kivuli cha ukuta na cha mnazi kinafika wapi saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi. Mboga nyingi zinataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Tuta la kwanza tuliliweka pale alipoonyesha yeye, na hakukosea.

Udongo nao una habari zake. Chota konzi moja, ulowanishe kidogo, ukaze kiganjani. Ukimwagika mara unapofungua mkono ni kichanga. Ukibaki donge linalong'aa na kunata ni mfinyanzi. Uani kwetu una vyote viwili: juu karibu na nyumba ni kichanga kitupu, chini ukutani ni mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika. Ndiyo sababu sikubali kwamba tuta lazima liinuliwe. Kwenye mfinyanzi inua, sentimita ishirini au thelathini, ili mizizi isioze. Kwenye kichanga fanya kinyume: shusha tuta kidogo chini ya njia, uzungushie kingo za udongo, maji yabaki ndani. Tuta la kichanga lililoinuliwa, kiangazi cha Januari na Februari utalimwagilia asubuhi na saa tisa mchana ni vumbi.

Upana usizidi mita moja na robo, ufikie katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga. Urefu ni wako. Langu lina mita tatu. Njia iwe ya kupitisha ndoo bila kugusa majani.

Sasa kazi yenyewe. Tumia uma wa kulimia badala ya jembe. Uzamishe, inua donge, lipasue kwa vidole, toa kila kiazi cha ndago ukitie kwenye ndoo. Hili tuta moja lilinichukua jioni nne. Viazi hivyo vianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa, na hata vikikauka usivitie kwenye mboji. Baada ya hapo mwagilia tuta tupu, usipande kitu, subiri wiki mbili. Zitakazochipua zifukue tena. Rudia mara ya pili. Najua hamu ya kupanda ilivyo, lakini wiki hizo nne ndizo zimeniokoa.

Ukimaliza, chimba kina cha sentimita thelathini. Yale makumbi niliyoyakuta chini ya mnazi niliyaloweka kwa siku kadhaa nikibadilisha maji, nikayapanga chini kabisa ya tuta la kichanga. Yanashika unyevu kama sponji. Juu yake rudisha udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza, debe moja kwa kila mita ya mraba. Iliyooza utaijua: haina joto, hainuki, inapukutika. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche, iache ikae miezi miwili au mitatu kwanza.

Tuta la kwanza lipe mchicha, kwa sababu ndani ya wiki tatu au nne unakula na moyo unapata nguvu. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu ndipo uzisie kwenye mistari, zisirundikane. Fukia kidogo tu, tandika makuti juu, uyaondoe mara zinapochipua. Sisimizi huzibeba mbegu, basi zungushia majivu. Ukichuma using'oe: kata juu ya pingili za chini, shina litachipua tena.

Matembele ni rahisi zaidi. Kata marando yenye urefu wa mkono mpaka kiwiko, fukia nusu, mwagilia jioni. Yakishatanda yanaifunika ardhi, na ndago inakosa jua. Tuta langu la pili ni matembele matupu kwa sababu hiyo. Bamia zinataka nafasi, sentimita sitini kati ya mistari. Nyanya chungu, bilinganya na pilipili ni ndugu, zisifuatane kwenye tuta lilelile.

Kuku wa jirani watakuja. Mimi nilinunua kwa wavuvi wavu uliochakaa, nikaufunga kwenye fito kuzunguka matuta. Ukiona vidukari chini ya majani, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Maji ya kuoshea mchele na mboga tunayamwaga matutani. Yenye sabuni hapana.

Tuta la tatu nimelianza wiki iliyopita. Mama anakaa kwenye kigoda na ndoo ya ndago mbele yake, anahesabu viazi ninavyomrushia. Jana vilikuwa mia mbili na kumi na sita. Kule ukutani kwenye mfinyanzi turubai bado limelala, na sitalifunua mpaka vuli.