Ukienda kutoa maoni kuhusu SHA, usiende na kilio cha makato peke yake

Kila kukiitishwa kikao cha kusikiza wananchi kuhusu SHA, yani Mamlaka ya Afya ya Jamii hapa Kenya inayosimamia bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, tunasimama mmoja baada ya mwingine tunalia na makato, karani anaandika "wananchi wamelalamikia makato", watu wanarudi nyumbani. Na makato yanauma kweli, mtu wa mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi wakati wa NHIF alikatwa 1,200 na tangu Oktoba 2024 ni 1,375, yule wa 100,000 alitoka 1,700 akaenda 2,750. Lakini hizo pesa zikishaingia SHA zinatoka aje kwenda hospitali? Hapo ndo kuna shida kubwa na hapo hatusemi kitu. Kwa hivyo kama unataka maoni yako yawe na uzito, fanya hivi.

Kwanza tafuta karatasi zako. Kadi ya kuruhusiwa kutoka, fomu uliyosaini, meseji, kila kitu. Dada yangu alilazwa hospitali moja ya levo 4, yani ya ngazi ya kaunti ndogo, siku mbili tu, mimi ndo nilimpeleka na mimi ndo nilimtoa, alafu ile fomu aliyopewa asaini ilikuwa inasema siku nne. Akaniuliza, sasa si ni bima inalipa, mimi inanihusu nini? Inakuhusu sana dadangu, levo 4 SHA inalipa 3,360 kwa siku, siku mbili ni 6,720 na siku nne ni 13,440, hiyo tofauti imetoka kwa makato ya mwalimu na ya mama mboga anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Tulikataa kusaini mpaka wakarekebisha. Kwenye maoni yako weka kisa kama hicho, na tarehe na pesa, lakini jina la mgonjwa lifiche.

Pili, na hapa kaa kidogo ufikirie, jiulize hospitali inalipwa kwa kuhesabu nini. Kama inalipwa kwa siku, itakupenda ukae wodini, maana siku ya kwanza ndo ya vipimo na dawa nyingi, siku ya tatu na ya nne umelala tu unakula uji na malipo ni yaleyale. Ndo maana utasikia mtu amekuja na malaria ya kutibiwa arudi nyumbani, kwenye madai ya malipo hospitali inayopeleka SHA anaonekana amelazwa. Kama inalipwa kwa huduma nzima, angalia bei ya huduma moja na ya jirani yake: kujifungua kawaida ni 10,000, kwa upasuaji ni 30,000. Upasuaji una gharama zake kweli, kuna thieta, kuna wa kulaza mgonjwa usingizi, sisemi bei ziwe sawa na usiandike kwamba upasuaji ukatwe kwa sababu kuna mama atakufa. Andika hivi: kila hospitali itangaze katika kila kina mama 100 waliojifungua hapo ni wangapi walipasuliwa, na ile iliyo juu sana kuliko wenzake wa levo moja daktari wa nje akakague mafaili. Hiyo ni sentensi waziri anaweza kufanya nayo kazi.

Alafu kuna malipo ya kichwa, yani zahanati inapewa pesa kulingana na idadi ya watu waliojiandikisha hapo, waje wasije. Hapa tamaa inageuka upande wa pili, mgonjwa anakuwa gharama, anaambiwa dawa hakuna, nenda hospitali kubwa ya levo 5. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie njia moja itatibu kila kitu. Thailand walipoanzisha bima ya wote 2002 walichanganya, wa kutibiwa na kurudi nyumbani wanalipiwa kwa kichwa, wa kulazwa kila ugonjwa una pointi zake kulingana na uzito, na pesa za kulazwa za nchi nzima zina kikomo. Siku zikiongezwa bila sababu hospitali haipati cha maana.

Usisahau kutetea hospitali pia, jamani. Malipo yakichelewa miezi na miezi, anayeumia ni yule mwaminifu anayedai kile alichofanya tu, huyo ndo ataanza kukuitisha pesa mkononi ama kufunga wodi. Omba tarehe ya mwisho ya kulipa dai lililokamilika na riba ikipita, na kwenye barua hiyohiyo omba adhabu kwa madai ya uongo. Zikienda pamoja hakuna atakayesema unapendelea upande.

Sasa kuandika. Ukurasa mmoja unatosha, kila lalamiko lifuatwe na badiliko unalotaka na pesa zinazohusika, usichanganye na siasa ya nani alileta SHA. Kama ni chama cha akina mama ama kikundi cha boda andikeni pamoja, wote wasaini, barua ya watu 40 inasomwa haraka kuliko ya mmoja. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa ubaki nayo. Ukikosa takwimu usikisie, kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba habari za serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu, kwa hivyo peleka ombi mapema kabla ya kikao, na wasipojibu sema hivyo kwenye maikrofoni, na tarehe ya muhuri uisome.