SOMO: Shoti (hela kupungua kwenye droo) na kuviziana dukani, jinsi nilivyoacha

Wakuu, haipiti wiki mtu hajanifuata inboksi "mkuu vijana wananiibia nifanyeje". Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia huku huku. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, vijana sita.

1. Mkataba wa maandishi. Karatasi mbili zinatosha.

2. Mshahara utoke tarehe ileile, biashara iwe imechangamka au imelala.

3. Masaa. Sheria ya ajira ya 2004 inasema 45 kwa wiki, yakizidi hapo ni ovataimu, unalipa mara moja na nusu. Unafungua saa 1 asubuhi unafunga saa 2 usiku siku zote saba afu unalalamika dogo kakosea kupima misumari? Wekeni zamu.

4. Shoti. Hapa ndo niliharibu. Mwaka wangu wa pili jioni tunafunga hesabu, droo imepungua elfu 85, binti wa kaunta anaapa hajui, mimi nikamwakia mbele ya wenzake na wateja wawili waliokuja kuchukua saruji, mwisho wa mwezi nikakata yote. Wiki tatu baadaye nasafisha gari nakuta chini ya siti risiti ya tairi la mtumba, elfu 85, tarehe ileile. Nilichota mwenyewe asubuhi huku naongea na simu! Nikamrudishia, nikamuomba radhi mbele ya walewale wenzake, akapokea akasema ahsante bosi. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Waliobaki sasa wakawa hawaniambii kitu, mfuko wa saruji ukichanika wanausukumia nyuma ya mabati, nakuja kuukuta umeshakuwa jiwe.

Siku hizi droo ina mtu mmoja kwa zamu, wakikabidhiana wanahesabu wote wawili wanasaini. Na tajiri nikichukua hata buku mbili ya vocha naandika na kusaini kama wao. Ikipungua tunatafuta kwanza: miamala ya lipa namba, mkopo ambao haujaandikwa, chenji. Na kukata sio unavyojisikia, kosa liwe kweli lake, umpe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.
ONYO: usimuulize mtu hela mbele za watu.
ONYO la pili: usigawe shoti kwa wote. Mwizi anapunguziwa deni, asiyeiba anajiona mjinga.

5. Anayekuja mwenyewe siku ileile kusema kavunja au kakosea chenji, mimi simkati.

MASWALI

Mdau wa Kahama: Mkuu shoti nikiwagawia wote si ndo haki?
— Rudi namba 4, onyo la pili.

Bosi Kijana: Hizo nadharia tu, mi nimefunga kamera nne nimemaliza.
— Kamera ingenionesha mimi nachota droo. Kwako nani anaangalia mkanda wa tajiri? Hata mimi ninayo moja mlangoni, sijasema ni mbaya, nasema haiandiki daftari.

Mama Nasra: Kaka ahsante kwa somo. Mgahawani kwangu yupo shemeji yangu, anakunywa soda na kuchukua nauli kwenye droo, wasichana wanaona wananyamaza. Nianzie wapi bila kuvuruga nyumba?
— Dada umeuliza la maana. Usianze na yeye, anza na wewe. Wiki nzima waone unaandika kila unachochukua, hata chai. Afu panga kila mfanyakazi ana soda moja kwa siku, ya pili analipa, shemeji akiwemo. Nauli mpe kila Jumatatu kama posho, iandikwe, droo asiiguse. Mwambie nyumbani mkiwa wawili, na mumeo ajue mapema. Wasichana wakishaona shemeji anasaini wataanza kukuambia na mengine, jiandae kusikia.

Mdau wa Kahama: Sasa kama mwizi hajulikani?
— Ndo maana ya mtu mmoja kwa zamu. Soma mkuu, soma.

Fundi Seremala: Nyongeza, meseji ya malipo kwenye simu ya mteja msiiamini, subirini iingie kwenye simu ya duka.
— Kweli kabisa, na simu ya duka ilale dukani.

Mama Nasra: Daftari mnatumia lipi? Langu linaachia kurasa.
— Kaunta buku la kwaya 3, mgongo upake gundi ya mbao ulaze usiku kucha chini ya tofali. Fundi Seremala hapo juu atakuambia ipi inashika.