Somo: Kufuatilia tarehe za kulipia vitu ulivyokopa bila riba

Tuseme umechukua friji ya shilingi 48,000 Luthuli Avenue, Nairobi, awamu 6 bila riba, shilingi 8,000 kila mwezi. Hapo hakuna ubaya. Shida huanza ukiwa pia na simu ya kulipa kila siku na kadi ya mkopo ya benki, kila deni na tarehe yake, ilhali mshahara unaingia mara moja tu kwa mwezi. Mkopo wa bila riba humfaa anayelinda tarehe. Asiyezilinda anaweza kulipa zaidi kuliko aliyekopa kwa riba ya wazi.

Hatua ya 1: Soma mkataba kabla ya dipoziti. Tafuta tarehe ya awamu ya kwanza na ya mwisho, faini ya kuchelewa, na hasa kitakachotokea muda ukiisha kabla hujamaliza deni. Mikataba mingine hutoza riba kwenye salio lililobaki tu. Mingine hurudi nyuma na kuhesabu riba tangu siku uliyonunua, na hapo miezi yote uliyolipa kwa uaminifu haikusaidii. Muuzaji akikuambia "usijali, hiyo ni kawaida", mwombe akuandikie. Na kama tarehe yao ni 25 na mshahara wako huingia 30, omba isogezwe kabla hujatia sahihi. Baada ya sahihi huna nguvu tena.

Hatua ya 2: Madeni yote kwenye ukurasa mmoja. Daftari la kawaida linatosha. Mstari wa friji uwe hivi: *Friji, 8,000, tarehe 5, Paybill na nambari ya akaunti, salio 48,000.* (Paybill ni nambari ya duka ya kupokea malipo ya M-Pesa.) Ukilipa, kata salio la zamani uandike 40,000 kando yake. Usiwe na deni moja kwenye daftari na lingine kichwani. La kichwani ndilo litakalokuponyoka.

Hatua ya 3: Jiwekee tarehe yako. Iwe siku 4 kabla ya tarehe ya kulipa iliyo kwenye mkataba. Tarehe 5 inaweza kuangukia Jumapili, mtandao unaweza kusumbua, na pesa iliyotumwa kwa benki huenda isionekane siku hiyohiyo. Weka kengele mbili kwenye simu: ya kwanza wiki moja kabla, ili ujue kama pesa ipo, na ya pili siku yenyewe ya kulipa.

Hatua ya 4: Tunza ushahidi. Kagua nambari ya akaunti kabla ya kuweka PIN, maana ukikosea tarakimu moja duka litakuhesabu hujalipa. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe ukipotea, omba taarifa kupitia *334#. Awamu ya mwisho ikiisha, dai barua kwamba hudaiwi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kadi yangu ni ya siku 50 bila riba. Mbona nimetozwa mapema?*

Dada yangu, hizo ni "hadi" siku 50. Tuseme hesabu hufungwa tarehe 20 na mwisho wa kulipa ni tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukinunua Machi 21, una hadi Mei 10, siku 50 kamili. Ukinunua Aprili 20, mwisho ni Mei 10 hiyohiyo: siku 20. Tena ni lazima ulipe deni lote. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaanza. Pesa taslimu za ATM kwa kawaida hutozwa tangu siku ya kuzitoa.

*Nimechelewa wiki mbili. Nitaingizwa CRB?*

Kaka, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu. Mpigie leo, usingoje notisi, na mkikubaliana tarehe mpya mwombe akutumie kwa ujumbe. Una haki pia ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka TransUnion, Metropol au Creditinfo. Ichukue uhakikishe deni ulilomaliza limeandikwa kuwa limelipwa.

*Mwalimu, naweza kulipia awamu kwa Fuliza?*

Mama, Fuliza ni mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, nayo ina ada ya kuichukua na ada ya kila siku hadi uilipe, kwa hiyo awamu yako haitakuwa ya bila riba tena. Linganisha kwanza na faini ya duka. Kama faini ni kubwa na una uhakika wa pesa kesho, chukua. Kama huna uhakika, zungumza na duka kwanza.