Mkono wa upande uliopasuliwa: futi kamba, subana na mengineyo

Ukimaliza mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nyumbani wanakupikia pilau, wanapiga vigelegele, kesho yake kila mtu yuko kwenye shughuli zake. Wewe unabaki na mkono. Nawaandikia wenzangu wa saratani ya titi, hasa mliotolewa tezi za kwapani.

Tezi zile husaidia kupitisha maji ya mwilini. Zikitolewa au zikipigwa mionzi, maji yanaweza kutuama na mkono ukavimba, iwe ni baada ya miezi michache au baada ya miaka. Si kila mtu huupata uvimbe huu, lakini ukikupata ni heri uugundue mapema.

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, kwa hiyo kifaa ninacho shingoni kutwa nzima: futi kamba. Pima mikono yote miwili, kwenye kifundo, kisha sentimeta 10 chini ya kiwiko na 10 juu yake. Futi ilale tu juu ya ngozi, usiikaze. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe, rudia kila mwezi, saa zilezile. Mkono unaoutumia zaidi huwa mnene kidogo tangu zamani, kwa hiyo linganisha na vipimo vyako vya mwanzo. Tofauti ikiongezeka kufikia sentimeta 2, au mkono ukawa mzito, bangili zikaanza kubana, nenda kliniki. Uvimbe mchanga unatulizwa kwa mazoezi, kusingwa na mtaalamu na soksi maalumu ya mkono. Ukishakomaa, kazi ni kubwa.

Halafu vidonda. Mkono ule ukiingiwa na vijidudu unachelewa kujitetea. Navaa subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, hata nikishona kifungo kimoja. Kukuna nazi nimewaachia vijana, na samaki wa Feri wanaparwa hukohuko sokoni, maana mwiba wa changu hauna adabu. Ukijikata au kuchubuka, osha kwa maji na sabuni, paka dawa ya vidonda. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukipimwa presha au kutolewa damu, mwambie sista mapema: "Naomba mkono huu mwingine."

Msiufunge mkono kwa woga, jamani! Shoga zangu wengine hawabebi hata kikombe, mwisho bega linakakamaa. Anza na ndoo ndogo, ongeza polepole. Tembea pia: dakika 150 kwa wiki ndizo Shirika la Afya Duniani linazoshauri watu wazima, na kwa Dar zigawe alfajiri kabla jua halijawa kali. Uchovu wa baada ya tiba hupungua kwa kutembea, ingawa siku za kwanza utaona kama nakutania.

Chakula sina mengi: dona, maharage, dagaa, mchicha, matunda, pombe iache. Mitishamba ya kuchemsha usinywe kabla ya kumwonyesha daktari, maana mingine hugombana na dawa.

Mwenye tamoxifen, kidonge cha kuzuia homoni isiichochee saratani, anameza kila siku, kwa kawaida miaka 5, wengine hadi 10. Joto linapanda mwilini, na Februari ya hapa kwetu ndiyo inazidisha. Lala na kanga ya pamba, feni, maji kando ya kitanda. Usiikatishe mwenyewe kwa sababu ya joto, sema na daktari. Lakini kutokwa damu ukeni kusiko kwa kawaida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa pumzi ghafla, hayo hayasubiri tarehe ya kliniki.

Na tarehe yenyewe usiiruke ukijisikia mzima. Nenda na daftari la vipimo, maswali yawe yameandikwa ukurasa wa juu, kwa sababu foleni ni ndefu na zamu yako ikifika dakika ni chache.