Somo: Sawazisha ndege yako ya rimoti kabla hujairusha

Wakuu, ndege yangu ya kwanza ya betri ilinyanyua pua mara tu ilipotoka mkononi, ikaishiwa kasi, ikaanguka. Mota nzima, rimoti nzima. Kosa lilikuwa uzito wa mkiani, nami niliumia sana kwa sababu ningeligundua mezani. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye usawa.

1. Vua propela. Mota ikishtuka bila kutarajiwa, hata propela ndogo inakata kidole.

2. Funga kila kitu mahali pake, betri ikiwemo. Pima upana wa bawa karibu na bodi, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kwa bawa la mstatili, anzia robo ya upana huo: bawa la sm 18, tia alama sm 4.5 kutoka mbele, chini ya kila upande. (Kama mtengenezaji ametaja kipimo chake, fuata hicho.) Inyanyue ndege kwa ncha za vidole kwenye alama hizo. Itulie, pua ikiinama kidogo tu. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele, upime tena, na tena. Pua ikizidi uzito, ndege inakuwa mvivu kugeuka lakini inatii; mkia ukizidi, haishikiki.

3. Throto (kijiti cha nguvu ya mota) chini kabisa, washa rimoti, ndipo uchomeke betri. Wakati wa kuzima, anza na betri. Simama nyuma ya ndege: kijiti cha eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) kulia, eleroni ya kulia ipande. Vuta kijiti cha eleveta (kibao cha mkiani), eleveta ipande. Zima, ndipo urudishe propela.

4. Rusha ukiukabili upepo. Isukume mbele, usiitupe juu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, betri yangu imegota mbele na mkia bado mzito.
– Gundisha kipande cha risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) puani. Kadiri kinavyokaa mbele, ndivyo kidogo kinavyotosha.

Yangu nikiongeza throto inapandisha pua, nikiipunguza inateleza vizuri. Ni mkia?
– Hapana, usawa uko sawa. Kama mota iko puani, weka washa (kibati cha duara chenye tundu) nyembamba nyuma yake kwenye skrubu za juu, mota ielekee chini nyuzi 2 au 3.

Naweza kuacha LiPo (betri ya lithiamu-polima) imejaa hadi wiki ijayo?
– Usifanye hivyo, inachakaa. Ihifadhi kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli. Ikivimba, usiichaji tena kabisa.